Kamba ya Mafundo

Kopo lenyewe ni la bati, la mafuta ya kujipaka, lile la mviringo ambalo kina mama wa umri wa mama yangu hawakulitupa hata mafuta yakiisha. Mama mdogo alilikuta chini kabisa ya sanduku la marehemu mama yangu, chini ya doti za kanga ambazo hazijawahi kufunguliwa. Akalifungua, akachungulia, akasema, "Hii nayo takataka gani?" Ndani mlikuwa na kifundo cha singa za mkonge, kidogo kuliko ncha ya kidole, kimekauka. Alikuwa ameshaunyosha mkono kwenye ndoo ya uchafu nilipomdaka. Mpaka leo sijui ananifikiriaje, mtu mzima mwenye watoto wangu, kumng'ang'ania mkono kwa ajili ya uchafu wa kamba.

Nilikipeleka puani. Waliokulia kwenye mkonge wataelewa. Ukitoka kiwandani mbichi na maji yake, una harufu ya uchachu inayokufanya uzibe pua. Ukishakauka juani inabaki harufu ya vumbi na nyasi. Kusema kweli kifundo kile kilikuwa hakinuki kitu tena. Lakini mimi nilinusa, na nilichokinusa ni jiko la Bibi kule Kang'ata, mahindi makavu, moshi, na mama yangu amesimama katikati akituhutubia watu wawili kana kwamba tumejaa ukumbi mzima.

Baba alifariki mimi bado nabebwa mgongoni, kwa hiyo simkumbuki, na sitajifanya namkumbuka. Mama alikuwa Msambaa wa Bumbuli, mwalimu wa shule ya msingi palepale kijijini. Baada ya msiba watu walidhani atarudi milimani kwao. Hakurudi. Alibaki kwa mama mkwe wake, Bibi yangu, Mzigua asiyependa maneno mengi ila yale yake mwenyewe. Bibi alimwita "Mwalimu" mbele ya watu, na alimwita "Mwalimu" hata wakiwa wawili wanachambua mlenda. Walipendana wale, kwa namna ya watu wanaogombania mwiko.

Halafu Mama akakata shauri kwenda chuo, Korogwe, kusomea hesabu ili afundishe sekondari. Nyie wa rika langu mnakumbuka enzi zetu: ukisikia mtu anapenda hesabu, unamwangalia vizuri kwanza kama ni mzima. Mama alizipenda. Alizipenda kama watu wengine wanavyopenda taarabu, kwa mwili mzima.

Kikao kilikaa. Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, alikuja kutoka Chanika, ambako ndiko Handeni mjini kwenyewe, akakaa kwenye kigoda cha Bibi na kofia mkononi.

"Shemeji, nenda kasome," alisema. "Hakuna anayekuzuia. Ila mtoto si mzigo wa kupokezana. Mwaka wa kumaliza chuo, siku shule zinafungwa, njoo mwenyewe hapa umchukue, ukakae naye huko utakakopangiwa. Usipofika siku hiyo, nitamchukua mimi. Atakaa Chanika, atasoma na wanangu, na hatahamishwa tena."

"Nitafika," Mama akasema.

Baba mkubwa hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili kwa sababu masimulizi ya namna hii hupenda sana kuwa na baba mkubwa mbaya. Huyu alikuwa amekwisha kuona kina mama wawili watatu wakiondoka kwa ahadi, na watoto wao wakazungushwa kwa ndugu mpaka wakapotea shule. Aliogopa hilo. Na mimi, niliyekuwa nimejificha nyuma ya pazia la chumba, nilimwogopa yeye. Wanawe walikuwa wakorofi, na nyumba yake haikuwa na Bibi wala Mama ndani yake.

Mama akaenda. Mwanzoni alikuja kila Jumamosi. Chuoni walimpa kazi ambayo angeiwasilisha mwishoni mbele ya wakufunzi wake: aeleze kalkulasi ilianzaje na ikakuaje, tangu kwa watu wa kale mpaka ilipokamilika. Kazi hiyo alikuja kuifanyia mazoezi kwetu. Tulikaa jikoni mimi na Bibi tukipukuchua mahindi, yeye akasimama mbele yetu na mwiko, wakufunzi wake tukawa sisi.

"Kalkulasi ni hesabu ya vitu visivyotulia, Mama," alimwambia Bibi siku ya kwanza. "Maji yanayojaa kwenye pipa. Mtoto anayekua. Gari linaloongeza mwendo."

"Visivyotulia vina hesabu gani?" Bibi akauliza. "Mimi mbuzi wangu mpaka watulie ndiyo nawahesabu."

"Ndiyo hicho kilichowasumbua watu miaka na miaka."

"Basi endelea. Lakini usikanyage mahindi."

Alianza na mzee mmoja wa Kiyunani aliyetaka kujua ukubwa wa duara. Alichukua ungo wa Bibi, akapanga ndani yake vijiti vinne, vikagusa ukingo kwenye pembe tu. Akavitoa, akapanga vingine vifupi zaidi na vingi zaidi. Kila alipoongeza vijiti, ile nafasi iliyobaki kati ya vijiti na ukingo ilizidi kuwa nyembamba. Yule mzee, akasema, hakuweza kulipima duara lenyewe, lakini aliweza kulibana kwa mistari iliyonyooka, ndani na nje, mpaka likakosa pa kukimbilia. Mimi niliinama kabisa juu ya ungo kutazama. Nilimwona yule mzee kama mtu anayemfukuzia kuku bandani, na nikampenda.

Halafu Mama akasema kwamba vita ilipoingia katika mji wake, askari alimkuta mzee amechora maduara yake mchangani, akamuua palepale.

Bibi aliacha kupukuchua. "Innalillahi. Alikuwa na watoto?"

"Sijui, Mama. Vitabu havisemi."

"Vitabu vyako vinasema duara tu," Bibi akasema, na jioni nzima hakumsemesha tena, kana kwamba askari ametoka Bumbuli.

Jumamosi nyingine ilikuwa ya Wahindi wa nchi ya pilipili manga, waliojua kujumlisha safu za vipande visivyo na mwisho karne kadhaa kabla Wazungu hawajafikiria jambo hilo. Ikafuata ya yule mtazama nyota aliyekuwa bwana harusi, akatazama wanavyopima kinywaji kwenye mapipa yenye tumbo, akaona hesabu yao haimkai rohoni. Mama alisema "kinywaji" tu, kwa heshima ya Bibi. Huyo bwana harusi akalikata lile pipa kichwani mwake vipande vyembamba vyembamba, kama unavyokata muhogo wa kukausha, akavijumlisha. Bibi alicheka mpaka akajifuta macho. "Bi harusi yuko ndani anamngoja, yeye anapima pipa! Mwalimu, watu wako wote ni wa hivyo?"

Ndipo tukafika kwa Mjerumani na Mwingereza. Mama alisema watu hawa wawili, kila mmoja kwao, waliifumania kalkulasi karibu wakati mmoja. Mwingereza alitangulia kuigundua akanyamaza nayo, Mjerumani akatangulia kuitangaza, na alama zake ndizo bora, ndizo tunazoandika mpaka leo. Wakagombana nani kamwibia nani. Wakagombana mpaka wakafa, na wanafunzi wao wakarithi ule ugomvi.

Mimi jambo hili halikunishangaza hata kidogo. Babu, mumewe Bibi, alikata mkonge Ngombezi ujanani, na hadithi za Ngombezi zilikuwa zimebaki nyumbani mwetu hata baada ya yeye kuzikwa. Tulijua sote kwamba mkonge waliupanda Wajerumani, kisha Waingereza wakaja wakachukua. Kwa hiyo nilimjua Mjerumani na nilimjua Mwingereza. Niliwaona kabisa, mmoja kwenye baraza ya nyumba ya meneja juu ya kilima, mwingine anapanda kilima na kofia yake, wanagombania hesabu katikati ya mistari ya mkonge, na Babu amesimama pembeni na kisu cha kukatia majani anangoja wamalize.

"Wale?" Bibi akasema, na hapo nikajua hatukuwa na mawazo tofauti. "Wale waligombana hata kwa shamba. Marehemu alinieleza. Kwani hapakuwa na mtu wa kuwasuluhisha?"

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Alieleza kwamba hawa ni wa zamani sana, kabla mkonge wa kwanza haujaletwa nchi hii, na Ngombezi hawajawahi hata kuiota. Bibi aliitikia kwa kichwa kama anayemkubalia mgonjwa. Mimi nilijifanya nimeelewa. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshasoma na kufaulu hesabu hizo hizo, kila nikiandika alama za yule Mjerumani namwona bado na buti zenye udongo mwekundu.

Laiti somo la siku ile lingeishia hapo. Mama alipenda kuwaeleza watu wake kuanzia utotoni, akasema Mwingereza huyo alizaliwa baba yake amekwisha kufariki.

"Kama mimi, karibu," nikasema.

"Karibu. Na alipokuwa mdogo bado, mama yake akaolewa kwingine, akamwacha..."  Mwiko ulikuwa hewani.

"Akamwacha wapi?"

"Kwa bibi yake."

 Bibi hakuinua macho, ila vidole vyake vilikuwa vimesimama kwenye gunzi. Sikuwa na kinyongo chochote, nilikuwa nauliza kama mwanafunzi mwema anavyouliza.

"Mama yake alirudi?"

"Alirudi."

"Lini?"

"Baadaye. Alipokuwa mkubwa kidogo." Halafu akaharakisha kama mtu aliyekanyaga moto: jinsi ugonjwa ulivyofunga vyuo na yule kijana akarudi shambani kwao, jinsi alivyokaa huko peke yake akafikiri mambo makubwa kuliko aliyofundishwa. Sikusikia. Nilikuwa nimeshapata nilichokitaka. Kumbe ndivyo mambo yanavyokwenda. Watu wa hesabu huachwa kwa bibi, na mama zao hurudi baadaye.

Niliogopa, na sikumwambia mtu. Mtoto akiogopa jambo kubwa halisemi, hulichunga. Nilianza kuchunga Jumamosi. Masomo yalipokuwa magumu Mama alikuja Jumamosi moja, nyingine hapana. Kisha mwisho wa mwezi. Kisha hata mwisho wa mwezi alipiga simu tu. Simu ya Bibi ilining'inizwa kwenye nguzo ya jiko kwa kuwa ni hapo tu mtandao uliposhika, nami nilizungumza na mama yangu nikiwa nimeegemea nguzo, nimeshikilia kamba.

Kamba ndiyo nataka kuieleza. Mama aliniletea kutoka Ngombezi, kamba mpya ya mkonge ya kuruka, nyeupe, ndefu, inayochoma viganja. Hakuna mtoto Kang'ata aliyekuwa na ya namna ile. Wenzangu waliruka kwa kamba za magome na vipande vya mpira wa baiskeli. Na mara ya mwisho alipokuja kabla ya mitihani, mama huyohuyo aliniomba ile kamba, akachukua kisu cha Bibi, akaikata katikati.

Sikuweza hata kulia, kwa mshangao.

"Subiri, mwanangu, utaona," akasema, lakini mawazo yake yalikuwa kwa wakufunzi wa chuoni. Mkufunzi wake alikuwa amemwambia hotuba ianze na Wayunani wa kale zaidi, wale wa fumbo la mkimbiaji. Alikilaza kipande kimoja chini kuanzia kizingitini. "Mkimbiaji anataka kufika jikoni. Kwanza lazima amalize nusu ya njia. Hii hapa." Kile kipande kingine akakikunja, akakikata katikati, nusu yake akailaza mbele ya ya kwanza. "Kisha nusu ya njia iliyobaki. Kisha nusu ya hiyo iliyobaki." Alikata, alilaza, alikata, alilaza, vipande vikawa kama kidole, vikawa kama ukucha, mpaka mkononi kikabaki kifundo cha singa kisichokatika tena. "Mnaona? Kila akienda, kuna nusu nyingine mbele yake. Daima kuna kitu kimebaki."

"Kwa hiyo hafiki?" nikauliza.

"Wakasema hafiki. Hawezi kufika kamwe. Na jambo hili liliwatesa watu zaidi ya..."

Honi ikalia barabarani. Ilikuwa gari la mnadani, la mwisho siku ile kurudi Chanika, na dereva wake hakuwa mtu wa kungoja. Mama alirusha kisu, akachukua mkoba, akanibusu mahali kati ya sikio na jicho, akakimbia huku akifunga kanga. "Nitamalizia nikija!" akapiga kelele. Vumbi likamfunika. Mimi nikabaki nimesimama na hotuba nusu na kamba iliyokatwa vipande.

Sasa ndipo nilipolia. Bibi alidhani nalilia kamba. Alikaa chini, akaviokota vipande kwa mpangilio uleule niliomwonyesha, akaviunga kimoja na kingine kwa mafundo magumu ya kufungia mbuzi. "Basi, nyamaza. Imepungua kidogo tu." Kile kifundo cha mwisho hakikuungika, nilikikunja kwenye pindo la gauni. Kamba yangu sasa ilikuwa na fundo katikati, halafu fundo lingine karibu zaidi na mwisho, halafu lingine, mafundo yakisongamana kuelekea ncha kama mchwa. Nikiruka ilipiga chini kwa mshindo, ta, tata.

"Bibi," nikasema, "Mama hawezi kufika. Amesema mwenyewe."

 Bibi alijibu kitu kwa Kizigua, kwa ukali, lakini hakikuwa kwangu. Nadhani alikuwa akisema na barabara.

Siku ya kufunga shule vuli ilikuwa imekolea. Baba mkubwa alifika na pikipiki asubuhi, kabla mvua haijaanza tena, akaegesha chini ya paa, akakaa kwenye kigoda kilekile. Nguo zangu Bibi alikuwa amezifunga kwenye kitambaa. Hakusema zimefungwa za kwenda wapi, Korogwe au Chanika, na sikuthubutu kuuliza.

Simu ikalia kwenye nguzo. Mama alikuwa ameondoka Korogwe. Ikalia tena: yuko Sindeni. Nikashika fundo la kwanza. Ikalia: ameshafika Chanika, anatafuta gari la kuja huku. Nikashika fundo la pili. Ikalia tena, sauti yake inakatikakatika, watu wanapiga kelele nyuma yake: gari limezama kwenye tope, wanasukuma, wamebakiza kidogo tu. Kidogo tu! Nikashika la tatu, na hapo simu ikakatika, na tulipopiga haikupatikana tena. Nilikaa nimebana lile fundo na kuhesabu kichwani mafundo yaliyobaki, na nilijua kitu ambacho Bibi na Baba mkubwa hawakukijua, kwamba hata akitoka kwenye tope kutakuwa na nusu, na baada ya hiyo nusu nyingine.

"Mama, mimi giza lisinikute kwenye makorongo," Baba mkubwa alisema alasiri. "Nimengoja vya kutosha."

"Kunywa chai kwanza," Bibi akasema.

Akanywa. Akasimama. Bibi akakumbuka kwamba bati la jikoni linavuja, na marehemu mwanawe ndiye aliyekuwa akilitengeneza. Baba mkubwa akapanda, akagonga misumari, akashuka amelowa. Bibi akasema mwanamume hasafiri na njaa, akaanza kusonga bada, ugali wa muhogo, taratibu kama mtu aliyesahau inavyosongwa. Mtu mzima yule aliona wazi kabisa anachofanyiwa. Akakaa akala. Na mimi leo, nikimfikiria Bibi, ndicho ninachokumbuka zaidi. Chanika ilikuwa karibu. Ningekwenda kwa Baba mkubwa angeniona kila alipotaka. Korogwe ilikuwa mbali na kwake. Alikuwa akimzuia mwanawe kwa kila hila aliyokuwa nayo ili anipoteze.

Bada ikaisha. Baba mkubwa akanawa, akachukua kile kifurushi cha nguo, akakifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira. "Njoo, mwanangu," akaniambia, kwa upole.

Mbwa wa jirani akabweka. Kwenye kona ya mihogo akatokea mtu, viatu mkononi, mkoba kichwani, matope mpaka magotini, kanga imegandamana mwilini. Hakuwa anakimbia. Alikuja hatua kwa hatua kama mtu aliyeazimia.

Sikumkimbilia. Watu wote walidhani nitamkimbilia. Nilisimama palepale uwanjani na kamba yangu mpaka aliponifikia, akachuchumaa, nikaona kope zake zina tope.

"Umefikaje?" nikamuuliza.

"Kwa miguu. Gari tumeliacha."

"Lakini ulisema kuna nusu. Kila ukienda kuna nusu. Ulisema hafiki!"

Hakucheka. Angecheka nisingemsamehe. Nilimwona anaitazama kamba, yale mafundo ya Bibi, na nikaona anaelewa kitu alichoniacha nacho miezi yote ile. Uso wake uliharibika kidogo, kisha akaukusanya.

"Nimeacha kugawa, mwanangu," akasema. "Nimetembea tu."

Ndipo nikamng'ang'ania shingo, na tope, na vyote.

Baba mkubwa alikifungua kifurushi kwenye pikipiki, akakiweka kizingitini. Akamsalimia shemeji yake, akamwambia aoshe miguu kwanza kabla maji ya jikoni hayajapoa, kisha akawasha pikipiki akaondoka, na kusema kweli nadhani alikuwa na furaha. Bibi aliingia jikoni. Alisema moshi umemwingia machoni, ingawa moto ulikuwa umezimwa zamani.

Jioni ile Mama alimalizia hotuba, kama alivyoahidi, miguu yake ikiwa kwenye beseni. Alisema watu waliteseka na ule mkimbiaji karne nyingi. Hata Mwingereza na Mjerumani walipokwisha kugombana, hesabu yao ilitoa majibu sahihi lakini hakuna aliyeweza kueleza kile kidogo kinachobaki ni nini, ni kitu au si kitu. Askofu mmoja akawacheka hadharani. Ikabidi wazaliwe wengine, na wengine baada yao, waliokaa wakatafuta neno, na neno lenyewe ni kikomo. Alinyoosha kamba yangu yote sakafuni. "Viunge vipande vyote, hata vile usivyoviona. Vinazidi njia?" Havizidi. "Vinapungua?" Nilisema vinapungua, nikakitoa kwenye pindo la gauni kile kifundo. "Hiki ndicho kilichobaki."

Alikichukua. Alikigeuzageuza kwenye taa. "Basi nitakitunza mimi," akasema, "kisibaki njiani."

Nilihamia naye Korogwe ya zamani, karibu na mto, na likizo zote nilirudi Kang'ata mpaka Bibi alipofariki. Mafundo yakawa lugha yetu. Nilipokuwa mtu mzima nikafanya kazi Dodoma, kila nikisafiri kwenda kwake alipiga simu, hakuuliza niko wapi. "Fundo la ngapi?" Nikiwa Morogoro nasema la kwanza. Abiria wa pembeni walidhani tunazungumzia ukarabati wa nyavu.

Mwezi uliopita nilipigiwa amezidiwa, nikapanda basi la alfajiri. Morogoro nilimpigia, akapokea mwenyewe, akauliza kwa sauti ndogo, nikamwambia la kwanza. Tulipofika Mkata, simu ikaita kwa jina lake, nikasema kabla hajauliza, "La tatu, Mama, nakaribia." Sauti ilikuwa ya jirani yake. Sikumbuki alivyoniambia. Nakumbuka tu kwamba basi halikusimama.

Nilishuka, nikatembea mpaka kwenye michongoma ya nyumba yetu. Watu walikuwa wameshakaa kwenye mikeka uani. Nilifika kwenye michongoma nikasimama. Nikafika kwenye mtungi wa maji nikasimama. Nikafika kizingitini, na pazia la chumba chake lilikuwa pale, karibu, na kila nilipoinua mguu niliurudisha karibu palepale, kwa sababu maadamu sijafika, alikuwa bado ananingoja.  Mama mdogo akanyanyuka anishike mkono, nikamzuia.

Nikaacha kugawa. Nikaingia.